Ndege Isiyosikia Redio

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikifanya kazi katika duka la kutengeneza redio na televisheni mjini Nakuru, kwenye mtaa wa nyuma ambako maduka ya vipuri yamebanana na ya vitambaa. Mwenye duka alikuwa Singasinga mzee, mjane, mzaliwa wa hapo hapo mjini. Watoto wake walikuwa wamehamia ng'ambo, na kila walipopiga simu walimwomba awafuate. Alikuwa na jibu lake la siku zote, kwamba kule anga iko chini mno. Sisi tuliomjua tulielewa kwamba hasemi habari za hali ya hewa. Anasema habari za ndege zake.

Alizitengeneza mwenyewe kwa mbao nyepesi kama mkate mkavu, akazivisha karatasi ya plastiki, akazitia injini ndogo. Mabawa yake yalitosha mtu mzima akinyoosha mikono. Jumapili, akitoka kusali gurudwara, alipakia moja kwenye pikapu yake akaenda kuirusha mahali peupe, akiiongoza kwa rimoti yenye eriali ndefu. Mimi nilikuwa na diploma ya elektroniki na mikono isiyotetemeka nikilehemu, na ndiyo sababu aliniajiri. Baada ya muda nikawa naandamana naye Jumapili, kwanza kwa udadisi, halafu kwa mapenzi. Nyumbani walishangaa msichana wa miaka yangu kushinda na mzee porini wakitazama juu, lakini mama yangu alipokuja kuona mara moja alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na hakuuliza tena.

Siku moja mwezi wa nane tulikwenda ukingoni mwa Menengai, shimo kubwa la volkano lililo juu ya mji. Ndege iliruka vizuri, ikapita juu ya ukingo wa kreta, mzee akaishusha kidogo ili aone kivuli chake kikitambaa kwenye mawe ya chini. Ilipozama nyuma ya mwamba, mawimbi ya rimoti yakakatika. Mzee alisukuma vijiti huku na huku. Ndege haikuyumba wala haikuanguka. Iliendelea tu mbele, ikawa ndogo, ikawa nukta, kisha kreta ikaimeza. Tulisikiliza mlio wa injini mpaka ukaisha.

Tulirudi kwenye gari. Ndipo akasema, "Haikuharibika kitu. Ilikuwa inaruka vizuri kabisa. Ilikosa tu mtu wa kuiambia."

Kumfariji nikasema, "Basi mzee, tutengeneze nyingine isiyongoja kuambiwa."

Nilisema kama mtu anavyosema pole kwenye matanga. Jumatatu nilipofungua duka, nikakuta ameondoa televisheni zote mbovu kwenye meza ya nyuma na kuipangusa.

Nilifikiri kazi itakuwa rahisi. Mpwa wake alikuwa amemletea kifaa cha kusoma setilaiti, kile kinachokuambia uko wapi duniani. Nikasema tukifunge hicho ndani ya ndege, basi. Tukajaribu. Kilichukua muda mrefu kuzipata setilaiti, na kila ndege ilipolala ubavu kupiga kona kilizipoteza. Mzee akakifungua na kukirudisha kwenye kisanduku. Alisema hicho nacho ni redio tu, tofauti yake ni kwamba anayesema yuko mbali zaidi. Yeye alitaka ndege inayojua njia kwa mambo iliyo nayo karibu: joto, mwanga, upepo, ardhi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kweli. Jambo la kwanza ambalo ndege inapaswa kujua ni upande gani ni juu. Sisi binadamu tunaona upeo wa macho, tunajua. Mzee alikuwa amesoma katika jarida la wapenda ndege kwamba anga ni baridi na ardhi ni vuguvugu hata siku ya baridi, na kwamba viko vidude vidogo vinavyohisi joto kutoka mbali. Tukaviagiza. Tukavifunga viwili vitazame mabawani, viwili vitazame mbele na nyuma. Bawa likiinama, upande mmoja unaona ardhi nyingi, mwingine unaona anga nyingi, na chipu niliyoiandikia programu inajua lipi limeshuka.

Asubuhi vilipofanya kazi mara ya kwanza nilikuwa nimeishika ndege mikononi nyuma ya duka, injini imezimwa. Nikaliinamisha bawa la kushoto. Vipande vya nyuma ya mabawa vikasogea vyenyewe kuniinulia. Nikainamisha la kulia, navyo vikapinga. Nimefanya mambo mengi tangu hapo, lakini sijasahau nilivyohisi nikiwa nimeshika kitu cha mbao na karatasi kinachokataa kulazwa.

Urefu wa kwenda juu tuliupata kwa kipimahewa, kwa kuwa hewa hupungua ukipanda. Mwelekeo tulikuwa tuupate kwa jua, kama nyuki. Nilijenga kijicho cha kuangalia jua liko upande gani, kikafanya kazi vizuri asubuhi na jioni. Saa za adhuhuri kikapotea kabisa. Nilihangaika nacho wiki nzima, nikibadilisha nyaya, mpaka mzee aliponishika bega, akanitoa nje ya duka na kunionyesha kivuli changu. Kilikuwa chini ya viatu vyangu. Tuko karibu na ikweta, na mchana jua letu huwa utosini, halikuelekezi popote. Tulicheka sana. Tukaongeza dira, na jua likabaki shahidi wa asubuhi.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote: kujua umekwenda umbali gani, hasa upepo unapokusukuma. Jibu lilitoka kwenye mausi ya kompyuta, ile unayosogeza mezani kwa mkono. Chini yake mna jicho linalopiga picha za meza mfululizo na kulinganisha, na hivyo linajua limesogea kiasi gani. Nikawaza, na meza ikiwa ni mashamba yote ya Njoro? Nikaling'oa jicho, nikalitia lenzi ya kamera kuukuu ili lione mbali.

Kulijaribu tulihitaji mahali pana. Mzee alikuwa na mteja Njoro, mama mkulima wa ngano, mjane kama yeye, aliyetuletea televisheni yake kila radi ilipoiunguza. Shamba lake lilikuwa kipande cha shamba kubwa la masetla wa zamani, refu na tambarare. Alituruhusu. Mzee aliendesha pikapu kwenye barabara ya udongo kando ya ngano, nami nimekaa nyuma, jicho limefungwa kwenye ufito mrefu uliotokeza pembeni, laptopu mapajani, blanketi kichwani ili niione skrini juani. Watu walisimama kututazama. Mama mkulima alituletea chai, akauliza kitu hicho kinafanya kazi gani. Mzee akakiri kwamba hakina kazi.

"Basi kipeni," mama akasema.

Akatueleza kuhusu kutu. Ni ugonjwa unaoshika ngano kwenye bua, unaifanya kuwa na vumbi la rangi ya tofali, na unasafiri kwa upepo. Msimu uliopita ulikuwa umeanzia katikati ya shamba. Yeye alikuwa akizunguka pembeni kila asubuhi, ngano ikamwonyesha uso mzuri wa nje, na alipogundua, ndani kote kulikuwa kumeungua. Ukipita katikati unaikanyaga, na bado huoni zaidi ya hatua chache. Alitaka jicho la juu. Kuanzia siku hiyo ndege ikawa na kazi: kupanda, kwenda moja kwa moja hadi mwisho wa shamba, kupiga kona, kurudi kwa mstari wa pembeni, huku kamera ndogo ya dijitali ikipiga picha chini, kisha kuzunguka ilipoanzia na kujishusha.

Kufikia Desemba ilikuwa inaweza. Au tuseme ilikaribia. Kila tulipoirusha ikijiongoza yenyewe, mzee alikuwa na rimoti mkononi, na kabla haijamaliza kona ya mwisho, kidole chake kilibonyeza swichi na kuichukua. Nilimwambia aiache. Alisema ataiacha wakati ujao.

Halafu ukaja uchaguzi, na Januari ikaja na ghasia zake. Sitaandika mengi. Waliokuwa Nakuru wanajua, na wasiokuwepo wamesikia. Duka tulilifunga. Moshi ulionekana pande ambazo hatukutaka kuutazama. Ua wa nyumba ya mzee ulijaa watu, mimi na mama yangu tukiwemo, na mzee aliyezoea kuishi peke yake akawa anapika dengu kwa sufuria kubwa na kugawa mablanketi bila kumuuliza mtu lugha yake. Mama mkulima alilikimbia shamba lake akiwa na watoto wake, akalala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho. Tulimpata huko, tukampelekea unga. Alituambia ghala lake limechomwa ila nyumba imesimama, na kwamba jirani yake, mama wa lugha nyingine waliyepakana naye kwa ua wa miiba ya kayaba, aliondoka siku ile ile kwa njia nyingine. Miaka yote walikuwa wakikopeshana kila kitu, hadi chumvi. Hawakuagana. Hakujua kama anamkasirikia au anamhurumia.

Mambo yalipoanza kutulia, mimi na mzee tuliamua kutoa vifaa dukani tuvipeleke nyumbani kwake. Kwenye kizuizi cha barabara askari walikagua pikapu. Ndege hawakuijali, waliiona ni mchezo wa watoto. Rimoti ndiyo iliyowasumbua, ile eriali yake ndefu na taa zake. Afisa wao, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema siku zile hawezi kuruhusu chombo cha mawasiliano asichokielewa kipite. Mzee alimweleza. Afisa akasikiliza hadi mwisho, akasema anamwamini, lakini ataibakiza, tuje kuichukua nchi ikipoa. Hatukuwa na hoja. Nchi kweli ilikuwa moto.

Mama mkulima alirudi shambani mvua zilipoanza. Alipanda akiwa amechelewa, kwa mbegu alizosaidiwa na kanisa lake, huku wengi wakimwambia angoje mwaka mwingine. Ngano ikaota. Mwezi wa saba ilikuwa imefika magotini, kijani kibichi, na habari zikaenea kwamba kutu imeonekana upande wa Mau. Alitupigia simu. Akauliza kama lile jicho bado lipo.

Tulikwenda kuulizia rimoti. Afisa alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyejua alichokifanya nayo. Kuagiza nyingine kungechukua muda mrefu kuliko ngano inavyoweza kungoja. Tulikaa kwenye pikapu, mzee ameshika usukani bila kuwasha gari.

"Bila rimoti hatuwezi kuirudisha ikikosea," akasema.

"Tuliitengeneza isihitaji, mzee."

"Najua tulivyoitengeneza."

Nikaelewa kwamba anaiona tena ile nyingine ikiingia kwenye kreta. Sikumsukuma. Kisha akasema nilimwambia mara nyingi aiache, na kila mara aliahidi wakati ujao. "Basi wakati ujao umefika," akasema, akawasha gari.

Tulifika Njoro kama saa nne asubuhi, tukiwa tumechelewa kwa sababu ya barabara, na upepo ulikuwa umeanza. Mama mkulima alitungoja pembeni mwa shamba. Mimi ndiye niliyeirusha. Nilikimbia hatua chache nikaiachia, ikazama kidogo, ikajikamata, ikapanda. Mzee alisimama mikono mifukoni, kwa kuwa haikuwa na la kufanya.

Iliingia juu ya ngano imenyooka kama uzi. Ilipiga kona ya kwanza mahali pake. Ilipiga ya pili. Mama alianza kutabasamu. Kisha niliona mstari wa kurudi unapinda, taratibu, kuelekea kushoto. Niligundua sababu pale pale nikiwa nimesimama, na sikuweza kufanya lolote. Upepo ulikuwa unailaza ngano kwa mawimbi. Jicho la chini lilikuwa linayaona mawimbi yale yakikimbia na kudhani ni ndege inayosukumwa pembeni, nayo ndege ikawa inajirekebisha kwa kosa ambalo haikulifanya. Ilivuka ua wa kayaba, ule wa mpakani na jirani. Kwa upande ule mwingine ilizunguka kwa utulivu, kama mtu aliyefika nyumbani, ikazima injini na kushuka tusikoweza kuona.

Mzee hakulalamika. Alisema, "Imetua. Mliona? Imetua yenyewe."

Lakini mama mkulima hakuwa anatazama angani tena. Alikuwa anautazama ua. Tangu Januari hakuna aliyekuwa ameupita. Njia ya katikati ilikuwa imeziba, miiba imeshikana, na alisema hajui kama upande ule kuna mtu. Nikajitolea kuzunguka peke yangu kwa barabara kuu. Alikataa. Alichukua panga, akafungua njia ya kupita mtu, nasi tukamfuata.

Upande ule kulikuwa na shamba la viazi, halafu ngano kama yake, halafu nyumba yenye mabati mapya. Jirani alikuwa amesimama katikati ya viazi, ameishika ndege kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyeokota kuku wa wenyewe. Alikuwa mama wa umri wa mama yetu mkulima, na gumboti zake zilikuwa na matope. Wanawake hao wawili walisimama wakitazamana. Mimi na mzee tulibaki nyuma.

"Hiki kitu ni chako?" jirani akauliza.

"Ni cha hawa wageni wangu. Kilikuwa kinaangalia ngano yangu, kikapotea njia."

Jirani aliigeuza, akaiangalia tumboni. Alisema alikisikia kikilia kama nyuki, akadhani serikali imekuja kupima mashamba upya.

Mama mkulima akauliza, "Umerudi lini?"

"Mwezi uliopita."

"Sikujua."

"Ungejuaje," jirani akasema. "Ua umekua."

Kisha jirani akatukabidhi ndege, akasema chai iko jikoni, na akatangulia bila kungoja jibu. Mama mkulima alisita kidogo, akachomeka panga kwenye udongo kando ya njia, akamfuata.

Tulikunywa chai na viazi vya kuchemsha kwenye benchi nje. Maneno ya Januari hayakusemwa siku ile. Nadhani yalisemwa baadaye, wakiwa peke yao, na hivyo ndivyo ilivyofaa. Mimi nilitoa kamera, tukaanza kuangalia picha kwenye kile kioo chake kidogo, vichwa vinne vimeinamiana. Kwa kuwa ndege ilikuwa imevuka, picha zilikuwa za pande zote mbili. Jirani aliona bati lake likimeta, akaomba nimrudishie picha hiyo mara ya pili. Aliona nguo zake kwenye kamba. Halafu mama mkulima akaweka kidole kwenye kioo.

Katika kijani cha ngano kulikuwa na doa lililofifia, rangi ya chai. Lilikuwa karibu na katikati ya shamba lake, mahali ambapo hakuna ambaye angepita. Na katika picha iliyofuata, upande wa pili wa ua, kulikuwa na jingine, dogo zaidi, likifuata upepo. Walitazamana. Jirani alikuwa na pampu ya kubeba mgongoni. Mama mkulima alikuwa na dawa, haitoshi shamba zima ila madoa inatosha. Nilisikia wakipanga kwa ile sauti ya chini ya watu waliozoea kupanga pamoja, ni nani atangulie, na kama kesho hakutakuwa na mvua. Mzee alinikonyeza juu ya kikombe.

Siku chache baadaye nikabadilisha programu. Nilifundisha ndege isiliamini jicho la chini pale linapobishana na dira na saa inayohesabu muda wa kuruka, na iruke juu zaidi, ambako mawimbi ya ngano yanakuwa madogo. Tena tukaamua iruke asubuhi mapema, kabla ya upepo kuamka, jua likiwa pembeni na la kutumainiwa. Tuliporudi Njoro, jirani alikuwa amekuja kutazama. Ndege ilikwenda, ikapiga kona zake, ikarudi. Ilizunguka juu yetu mara moja, injini ikanyamaza, ikateleza na kulala kwenye nyasi si mbali na viatu vya mzee. Hakuna aliyeishika wala kuisemesha njia nzima. Mzee aliinama akaiokota, akaipangusa umande kwa pindo la mkono wa shati lake, na nilipomwangalia nikaona uso wake umelowa. Sikuuliza kama ni umande.

Madoa yaliponyunyiziwa dawa, hayakuenea. Tuliruka juu ya mashamba yote mawili kila baada ya muda hadi ngano ikageuka dhahabu, na wakulima wengine wa karibu wakaanza kuja na maswali, wengine kuhusu ng'ombe waliopotea, mmoja kuhusu mkewe, ambaye mzee alikataa kumtafuta. Mavuno hayakuwa makubwa, kwa kuwa walipanda wakiwa wamechelewa, lakini yalikuwepo, na mwaka ule kuwepo kwake kulikuwa jambo.

Mzee alikwenda ng'ambo kuwatembelea watoto mwaka uliofuata, akaniachia funguo za duka. Alikaa kidogo akarudi, akiwa na jarida jipya kwapani na mchoro alioufanya ndani ya eropleni, nyuma ya karatasi ya orodha ya chakula. Alikuwa amewaza njia ya ndege kukumbuka sura ya ardhi iliyoipita, ili ikirudi ilinganishe, kama mtu anayerudi kwao kwa kuangalia miti. Tuliutandaza mchoro juu ya meza. Nikamwambia chipu tuliyo nayo haina kumbukumbu ya kutosha. Akasema itapatikana yenye kutosha, akavuta kiti, akauliza kama stima ipo, tuanze kulehemu.